Habari Itangulie Mzigo: Vidokezo 10 vya Ugavi wa Kidijitali

Muulize mwenye duka la jumla wa Mbeya, Singida au Bukoba ni nini kinachomnyima usingizi. Kabla ya kutaja bei atakutajia mzigo: umetoka Kariakoo lini, umefika wapi, umepungua mifuko mingapi, na kwa nini dereva hapatikani kwenye simu. Teknolojia ya kujibu maswali hayo ipo, nyingine ni ya bure, na sehemu yake kubwa tayari imo mfukoni mwako.

Vidokezo hivi ni vya mfanyabiashara mdogo na wa kati, msimamizi wa stoo, chama cha ushirika na mwenye malori mawili matatu. Kampuni kubwa zina wataalamu wao. Kigezo nilichotumia katika vyote ni kimoja: chombo cha kidijitali kina faida pale kinapoifanya habari ikufikie kabla ya mzigo wenyewe, ukabaki na muda wa kuamua.

1. Hesabu kwanza, programu baadaye

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kujaribu mradi ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Vituo vya afya vilivyohusika vilikuwa 129. Shida iliyokuwapo kila mtu wa ugavi anaijua. Dawa za malaria zinaisha katika zahanati moja huku zahanati ya jirani ikiwa nazo za kutosha, na ofisi ya wilaya haina habari mpaka ripoti ya karatasi ifike.

Suluhisho lilikuwa ujumbe mfupi wa simu. Kila wiki mhudumu wa kituo aliulizwa amebaki na dawa kiasi gani. Alikwenda kabatini, akahesabu, akajibu bila kukatwa salio, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa muda wa maongezi. Maofisa wa wilaya waliziona hesabu hizo kwenye tovuti, wakahamisha dawa kutoka penye ziada kwenda penye upungufu. Majaribio yalipoanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa na angalau aina moja ya dawa ya malaria. Kufikia wiki ya 21 vilivyobaki katika hali hiyo vilikuwa asilimia 26.

Kitochi kilitosha kuifanya kazi yote hiyo. Kilicholeta matokeo ni siku maalumu ya kuhesabu, mtu anayeliona rafu kwa macho yake ndiye anayetoa namba, na namba hiyo inamfikia mwenye mamlaka ya kuhamisha mzigo. Wewe pia anza hivyo. Chagua bidhaa 20 zinazokuingizia fedha nyingi kuliko nyingine. Panga siku na saa, tuseme Jumamosi jioni kabla ya kufunga. Anayehesabu aandike alichokiona na asinakili kilichomo kwenye daftari. Daftari na rafu vikitofautiana, usimfokee mtu siku hiyo. Tafuta tofauti ilipoingilia. Programu ya stoo ya mamilioni ikilishwa hesabu za kubuni itakuletea ripoti nzuri za uongo, na utaziamini kwa sababu zimechapishwa vizuri.

Usisahau muda wa maongezi waliopewa wale wahudumu. Anayekuletea taarifa sahihi kwa wakati anafanya kazi ya ziada, na anastahili kulipwa kwa ajili yake.

2. Bidhaa moja, jina moja

Katika stoo nyingi mafuta yale yale ya kula yameandikwa “mafuta L20” kwenye daftari, “dumu kubwa” kwenye WhatsApp na “alizeti ndoo” kwenye ankara. Binadamu anaelewa. Kompyuta itahesabu bidhaa tatu.

Kabla ya kununua programu yoyote, fungua lahajedwali kwenye kompyuta au simu yako, uipe kila bidhaa namba yake, jina lake moja na kipimo chake kimoja. Ukishaamua kwamba sukari inahesabiwa kwa mfuko wa kilo 50, iwe hivyo kuanzia kwa muuzaji hadi kwenye ripoti ya mwezi. Pale ambapo kiwanda kimeshachapa msimbopau, utumie huo huo. Mistari ile myeusi ilianza kusomwa kwenye kaunta ya duka tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, na bidhaa ya kwanza ilikuwa pakiti ya chingamu. Leo kamera ya simu ya kawaida inaisoma. Wazalishaji wetu wanaotaka kuuza kwenye maduka makubwa wanahitaji misimbo iliyosajiliwa. Ile ya Tanzania huanza na 620 na ya Kenya huanza na 616.

Kwa bidhaa za ndani zisizo na msimbo, kama magunia ya mpunga au kreti za nyanya, chapisha mwenyewe msimbo wa QR. Msimbo huo ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na wabunifu wake waliuacha utumike bila malipo. Uandike namba ya gunia, tarehe ya kuingia na jina la mkulima au kikundi. Siku mteja akilalamika kuhusu mchele wenye mawe, utajua umetoka kwa nani.

3. Jua ni lini hasa uagize

Wengi huagiza wanapoona rafu limebaki wazi, na kwa mteja aliyesimama kaunta huko ni kuchelewa. Hesabu ni nyepesi. Chukua wastani wa mauzo kwa siku, zidisha kwa siku ambazo mzigo huchukua kukufikia, halafu ongeza akiba ya dharura.

Tuseme unauza mifuko 4 ya unga wa ngano kwa siku. Mzigo huchukua siku 6 tangu ulipe mpaka upakuliwe mlangoni kwako, na unataka akiba ya siku 3. Mifuko 24 na mifuko 12 ni 36. Hesabu ikigusa 36, agiza. Weka fomula hiyo kwenye lahajedwali na uiamuru igeuze kisanduku kuwa chekundu bidhaa inapofika hapo. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na kijana yeyote aliyesoma kompyuta sekondari ataiweza.

Zile siku 6 ndizo za kuangaliwa kwa makini kuliko yote. Andika kwa kila oda tarehe uliyolipa na tarehe uliyopokea. Baada ya miezi michache utagundua kwamba msambazaji anayejisifu kwa “siku 3” hufika siku ya 3 wakati mwingine, na siku ya 9 wakati mwingine. Mimi ningemchagua wa siku 6 asiyebadilika, hata kama bei yake iko juu kidogo, kwa sababu kuyumba kwa huyu wa kwanza hukulazimisha kufungia fedha nyingi kwenye akiba.

4. Mwoneshe msambazaji mauzo yako

Kipo kisa maarufu cha nepi. Watoto hutumia nepi kwa kasi ile ile wiki hadi wiki, lakini kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iligundua kwamba oda zilizofika kwake zilipanda na kushuka vibaya, na oda zake yenyewe kwenda kwa wauza malighafi ziliyumba zaidi. Kila aliyeko kwenye mnyororo alikuwa akikisia: akiona wateja wameongezeka kidogo anaagiza na ziada kidogo ya kujilinda, na anayemfuata anaongeza ya kwake.

Dawa yake haina gharama. Kila wiki mtumie msambazaji wako mambo mawili: umeuza kiasi gani na umebaki na kiasi gani. Oda peke yake inamficha ukweli. Mwanzoni atashangaa, maana wafanyabiashara tumezoea kuficha. Lakini atakayepanga vizuri lori la wiki ijayo ni yule aliyeona mauzo halisi, na sukari ikiadimika atamkumbuka mteja ambaye hajawahi kumdanganya.

5. Usisubiri wakala akupigie kuhusu kontena

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Kampuni ya meli inakupa siku kadhaa za bure za kutoa na kurudisha kontena. Zikipita, tozo inahesabiwa kila siku, mara nyingi kwa dola, na bandari nayo ina tozo yake ya kuhifadhi. Faida ya mwaka inaweza kuliwa na wiki mbili za karatasi zilizochelewa.

Kwa hiyo siku muuzaji wa Guangzhou au Dubai anapokuambia amepakia, mwombe vitu viwili: namba ya kontena na jina la meli. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ndiyo maana ukikosea herufi moja tovuti huikataa. Iingize kwenye tovuti ya kampuni ya meli na utaona kontena limepakiwa lini, limeshushwa bandari gani njiani na linatarajiwa lini Dar es Salaam au Mombasa.

Meli yenyewe pia unaweza kuiona. Kwa kanuni za kimataifa, meli za tani 300 na zaidi zinazokwenda nchi za nje lazima ziwe na chombo kinachotangaza jina, mahali na mwendo wake. Tovuti kama MarineTraffic hukusanya matangazo hayo na kuyaweka kwenye ramani, na sehemu ya huduma hiyo ni ya bure. Meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku 6 mwezi Machi 2021, na kampuni nyingi zilipoanza kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwisho wa 2023 kwa kuhofia mashambulizi ya Bahari ya Shamu, mwagizaji aliyekuwa akiitazama meli yake kutoka Ulaya alijua mapema kwamba tarehe imeharibika. Aliweza kuwaambia wateja, kupunguza kasi ya kuuza akiba iliyopo au kutafuta bidhaa mbadala.

Ukijua meli iko wapi, nyaraka ziwe zimekwisha kutembea. Ankara, orodha ya vilivyofungashwa, hati ya shehena na cheti cha asili vimfikie wakala wa forodha meli ikiwa bado baharini, ili tamko liingizwe kwenye mfumo mapema. Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikitumia utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, ambapo mzigo wa mfanyabiashara wa Kampala au Kigali hutathminiwa na kulipiwa kodi kwao wakati ukiwa ungali bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Utaratibu huo unamsaidia mwenye karatasi kamili. Asiye nazo atakaa foleni kama zamani.

Na jambo moja la kusisitiza: wakala akupe namba ya kumbukumbu ya kila hatua, pamoja na picha ya risiti ya malipo ya serikali. Wakala mwaminifu hataona taabu.

6. Kwenye GPS, tazama gari linaposimama

Mwenye lori akifungiwa kifaa cha kufuatilia gari, wiki ya kwanza hukaa akiangalia alama ikitembea kwenye ramani kutoka Chalinze hadi Mikumi. Wiki ya tatu amechoka, haangalii tena, na ada ya mwezi inaendelea kukatwa.

Mwombe mtoa huduma akutumie ripoti moja tu kila Jumatatu: gari lilisimama wapi, kwa saa ngapi, injini ikiwa inanguruma au imezimwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kuna vituo vya mizani, vituo vya ukaguzi, miji na mpaka. Ripoti hiyo itakuonesha saa zinapokwenda. Mara nyingi barabara haina kosa. Lori limelala geti la kiwanda likisubiri kupakia, au kwenye bohari ya mteja likisubiri kushusha, au mpakani likisubiri karatasi ambayo ofisi yako ilichelewa kuituma. Ukiwa na saa zilizoandikwa, unakwenda kwa meneja wa kiwanda na ushahidi na kuomba upangiwe zamu.

Mafuta yanahitaji kipimo chake ndani ya tangi, kinachoonesha ujazo ukishuka ghafla gari likiwa limesimama. Kwa wenye magari mengi hicho hulipa haraka. Kwa mwenye lori moja, kulinganisha lita zilizonunuliwa na kilomita zilizotembewa kwenye safari ile ile kunatosha kuanzia.

Kwa mizigo ya kupita nchi, serikali nazo zinafuatilia. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki. Lakiri ikiguswa au lori likiiacha njia iliyopangwa, kituo cha udhibiti kinapata taarifa na kikosi kinatumwa. Kabla ya kuondoka uwanja wa kupakia, dereva apige picha ya lakiri, namba yake ikisomeka, na aitume. Picha hiyo ina saa na tarehe, na inaweza kukuokoa kwenye mgogoro wa mzigo uliopungua.

Pima uzito kabla ya kuondoka, pia. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Lori linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla na bado likazidi kwenye ekseli moja kwa sababu ya upangaji mbaya. Mizani ya kidijitali ya stoo na dakika chache za kuupanga upya mzigo ni rahisi kuliko faini na kushusha mifuko porini.

Sasa kuhusu dereva. Ukimfungia kifaa kimya kimya umemgeuza mshukiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinadai mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani. Lakini hata bila sheria, kaa naye, mwoneshe ripoti, mweleze kwamba saa za kusimama getini zinahesabiwa kwa faida yake pia. Dereva na utingo wake ndio wanaoijua njia, na mara nyingi watakueleza, kabla hujauliza, kwa nini alama imesimama Makambako kwa saa 4.

7. Geuza soga za WhatsApp kuwa kumbukumbu

Makundi ya WhatsApp yanaendesha nusu ya biashara zetu, na yana kasoro moja kubwa: taarifa ikishapita imezama. Tengeneza fomu ya bure, kwa mfano ya Google, yenye maswali matano hivi: nani, bidhaa gani, kiasi gani, imetoka wapi, imepokelewa na nani. Weka kiungo chake juu ya kundi. Kila anayepakia au kushusha aijaze, kisha soga iendelee. Majibu yanajipanga yenyewe kwenye jedwali.

Mahali ambapo mtandao unakatika, tafuta programu inayokubali kujazwa bila intaneti na kutuma simu ikipata mawimbi. ODK na KoboToolbox zinafanya hivyo.

8. Bidhaa adimu ziwe mahali pamoja

Rwanda ilianza kusafirisha damu kwa ndege zisizo na rubani mwezi Oktoba 2016, kutoka kituo cha kampuni ya Zipline huko Muhanga. Hospitali inaagiza, ndege inaruka, inadondosha kifurushi kwa parachuti na kurudi. Watu walizungumzia sana ndege. Jambo la ugavi lililonivutia mimi ni lile lililotokea kwenye majokofu. Zamani kila hospitali ya wilaya ililazimika kuweka akiba ya makundi adimu ya damu kwa ajili ya mgonjwa ambaye huenda asije, na damu haikai muda mrefu. Ilipowezekana kuipata haraka kutoka ghala moja, akiba ilikusanywa katikati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 katika hospitali zilizohudumiwa. Nyuma ya namba hiyo kuna wachangiaji waliokaa kitini na kutoa damu yao, na wagonjwa walioipata.

Huhitaji ndege. Ukiwa na maduka manne ya vipuri Arusha, Moshi, Babati na Singida, gia boksi ya gari lisilo la kawaida haina sababu ya kukaa katika maduka yote manne. Iweke moja katika stoo kuu, hesabu zote nne zionekane kwenye jedwali moja la pamoja, na mteja akiihitaji itumwe kwa basi la jioni. Vinavyotoka kila siku, kama oili na plagi, vibaki kila duka.

9. Akili mnemba haijui mwezi umeandama

Programu za kukisia mauzo yajayo zimekuwa rahisi kupatikana, na zinasaidia kweli ukiwa na rekodi safi za miaka miwili au zaidi. Bila rekodi hizo, mwenye duka aliyekaa mtaani muda mrefu anakisia vizuri zaidi.

Hata penye rekodi, angalia kalenda inayotumika. Programu nyingi hulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2023 ilianza karibu na tarehe 23 Machi, mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 ikaanza Februari. Mwenye kuuza tende, tambi, sukari na unga wa ngano Zanzibar, Tanga au Lamu akiiachia programu ikisie yenyewe, mzigo utafika watu wakiwa wanakula mandazi ya Idi. Iwekee safu ya matukio: Ramadhani na sikukuu zake, Pasaka, Krismasi, kufunguliwa kwa shule, msimu wa malipo ya korosho kule Mtwara, mavuno ya mahindi Songea na Sumbawanga. Fedha ya mkulima inapoingia mtaani ndipo mabati na pikipiki vinapotoka.

Na kwa mizigo inayoharibika, kabla ya akili mnemba nunua kirekodi joto, kifaa kidogo kinachokaa ndani ya boksi na kuandika nyuzi kila baada ya dakika kadhaa. Chanjo nyingi hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na baadhi huharibiwa na kuganda kama zinavyoharibiwa na joto. Samaki, maziwa na parachichi navyo vina mipaka yake. Mzigo ukifika umeharibika, kirekodi kitasema joto lilipanda saa ngapi, na hapo mtajua lilikuwa mikononi mwa nani.

10. Uwe na nakala, na uwe na njia ya kutoka

Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya kompyuta vilivyopewa jina NotPetya viliivamia kampuni ya Maersk, wakati huo ikiwa kubwa kuliko zote duniani katika usafirishaji wa makontena. Vilianzia kwenye programu ya uhasibu iliyotumika Ukraine. Kwa muda mfupi mageti ya bandari inazoziendesha katika nchi mbalimbali yakafungwa na malori yakapanga foleni, kwa kuwa hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani. Kampuni ilikadiria hasara kati ya dola milioni 200 na 300.

Mafundi walipoanza kujenga upya, walikuta kila nakala ya kumbukumbu kuu zinazotambua watumiaji na kompyuta za mtandao mzima imefutika, isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana. Umeme ulikatika katika ofisi ile kabla ya shambulio, mtambo ukazimika, virusi vikaukosa. Intaneti ya pale haikutosha kuituma nakala hiyo kwa haraka, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi diski mwenzake uwanja wa ndege, naye akaipeleka Uingereza. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba waliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10, na muda huo wote watu walisafirisha takriban asilimia 80 ya shehena kwa kuandika kwa mikono.

Kwa hiyo kila Ijumaa nakili majedwali yako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe na uiweke jengo jingine. Iliyobaki imechomekwa kwenye kompyuta haihesabiki. Chapisha pia daftari tupu la kupokelea na kutolea mzigo, wafanyakazi wafanye mazoezi nalo mara mbili kwa mwaka, ili siku umeme au mtandao ukikatika duka lisifungwe.

Njia ya kutoka ni suala la pili. Maersk hiyo hiyo na IBM walizindua mwaka 2018 jukwaa la nyaraka za usafirishaji lililoitwa TradeLens. Lilikuwa na teknolojia ya kisasa na majina makubwa nyuma yake. Mwezi Novemba 2022 walitangaza kulifunga, kwa kuwa sekta nzima haikuliunga mkono kwa kiwango kilichohitajika. Kama majitu mawili yanaweza kufunga, programu ya kampuni changa unayoilipia kwa mwezi inaweza pia. Kabla hujalipa senti, mwambie muuzaji akuoneshe kwa vitendo jinsi ya kutoa kumbukumbu zako zote kwenye faili la kawaida. Akisitasita, ondoka.

Usijaribu vidokezo vyote kumi kwa mpigo. Jumamosi hii hesabu bidhaa zako 20, wewe na msimamizi wa stoo pamoja, rafu kwa rafu. Jumatatu mtumie msambazaji wako namba za kweli. Vifaa vya kununua utavijua baada ya miezi mitatu, rekodi zako zitakapokuonesha fedha inapovujia.